Maana ya tumaini na furaha ya Mkristo wakati wa shida

Mtu akisema "natumaini kesho mvua haitanyesha", anachosema ni kwamba angependa isinyeshe. Hana uhakika wowote. Hivyo ndivyo tunavyolitumia neno tumaini kila siku, na si kosa, ila mtu akiingia nalo hivyo kwenye imani ataumia. Anaugua, anaambiwa "tumaini tu, utapona". Asipopona, anaanza kujilaumu kuwa imani yake ilikuwa haba.

Kwa Mkristo, tumaini ni kungoja kwa uhakika kile ambacho Mungu ameahidi. Kungoja ndiko kwenye uzito. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa tumaini katika Agano la Kale, tikva, ni ndugu wa kitenzi chenye maana ya kungoja. Tena neno hilohilo ndilo lililotumika katika Yoshua 2 kwa ile kamba nyekundu ambayo Rahabu, mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, aliifunga dirishani. Siku anaifunga, kuta za Yeriko zilikuwa bado zimesimama na jirani zake wakiendelea na shughuli zao. Kamba haikubadilisha chochote mjini. Ilikuwa alama ya ahadi aliyopewa kwamba ataokolewa mji ukianguka, basi.

Ahadi ya Mungu kwa Mkristo inasimama juu ya jambo ambalo anaamini limekwisha kutokea: Yesu alikufa akafufuka. Mtume Paulo hakuzungukazunguka alipowaandikia Wakorintho: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Ndiyo maana mtu anaweza kukosa dalili hata moja kwamba mwezi ujao utakuwa mwepesi kuliko huu, na bado akawa na tumaini. Majibu ya daktari yanaweza kumliza. Hayawezi kurudi nyuma yakalifuta kaburi lililo wazi.

Furaha nayo ina mkanganyiko wake, kwa kuwa tunaichanganya na raha. Raha huja mambo yakinyooka, ikaondoka yakipinda. Barua kwa Wafilipi ina sura nne tu, Paulo aliiandika akiwa kifungoni, na humo anataja furaha na kufurahi zaidi ya mara kumi. Angalia anavyosema: "Furahini katika Bwana". Hakuwaambia wafurahie minyororo.

Wafilipi hawakuhitaji kuelezwa sana, maana kanisa lao lilikuwa na kumbukumbu ya jela. Katika Matendo 16, hukohuko Filipi, Paulo na mwenzake Sila walivuliwa nguo wakapigwa bakora mbele ya watu, wakatupwa chumba cha ndani, miguu ikafungwa kwa mkatale. Usiku wa manane wakawa wanaomba na kuimba. Wahubiri wengi hukimbilia tetemeko la ardhi na milango iliyofunguka. Mimi hunasa kwenye jambo dogo linalofuata: mlinzi wa gereza aliwaosha mapigo yao baadaye, tetemeko likiwa limeshapita. Kwa hiyo walipokuwa wakiimba, migongo ilikuwa bado mibichi, haijaguswa na maji. Wimbo ule haukuwa wa shukrani kwa kutoka jela. Hawakujua kama watatoka.

Katika Warumi 5 Paulo anapanga mfuatano huu: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti huleta tumaini. Tumaini limekaa mwisho wa mstari. Sisi huwa tunalidai siku ya kwanza ya msiba, tena kwa mwenzetu.

Hapo ndipo yanapotoka yale maneno ya "usilie, wewe si umeokoka?" Sijui nani aliyeanzisha, lakini hayatoki kwenye Biblia. Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro, ilhali dakika chache baadaye alikuwa anamwita atoke kaburini. Na 1 Wathesalonike 4 haikatazi kuhuzunika. Inasema tu tusihuzunike kama wasio na matumaini. Machozi na tumaini hukaa nyumba moja. Vivyo hivyo, kwenda kwa daktari au mshauri nasaha kwa sababu usingizi umekataa na moyo umezimika si dalili ya imani ndogo.

Na kama hata kuimba kumeshindikana, ipo Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kabla ya mwisho, zikamalizia kwa sifa. Hii haigeuki: inaanza kwa kilio na mstari wake wa mwisho unaishia gizani. Kitu pekee chenye mwanga humo ni jinsi mwandishi anavyomwita Mungu pale mwanzoni, "Mungu wa wokovu wangu", kabla hajaanza kumlalamikia. Waliozikusanya Zaburi hawakuiongezea mwisho mzuri. Waliiacha hivyo, na Wakristo bado wanaisoma kama sala.