Hospitali ni ya nani, na bili inakwenda kwa nani

Japani, hospitali nne kati ya kila tano ni za binafsi. Uingereza, ambayo hutajwa kila anapotafutwa mfano wa tiba ya serikali, daktari wa kwanza kumwona mgonjwa kwa kawaida hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Ni mtu aliyejiajiri, ana kliniki yake na wenzake, na anafanya kazi kwa mkataba na mfumo wa taifa. Ndivyo ilivyo tangu mfumo huo ulipoanza tarehe 5 Julai 1948. Marekani nayo, pamoja na sifa yake yote ya kuachia soko, ina mtandao mkubwa wa hospitali za serikali kuu za kuwatibu waliowahi kulitumikia jeshi, na madaktari wake hulipwa mshahara wa serikali.

Nimeanza na haya kwa sababu kila tunapotoa elimu ya ugharamiaji wa afya swali la kwanza huwa lilelile: kipi bora, cha serikali au cha binafsi? Muulizaji anakuwa ametazama kibao cha getini. Kibao hicho hakimwambii mgonjwa mengi. Kinachomgusa ni fedha zilikusanywa lini na nani, bei ya matibabu ilipangwa na nani, na kama kuna dirisha la malipo kati yake na daktari. Mimi hili la dirisha ndilo naliona zito kuliko yote, na nitalirudia.

Tumchukue mtu mmoja, kidole tumbo kimemshika usiku wa manane, lazima apasuliwe kabla hakijapasuka chenyewe.

Akiwa Manchester, atabebwa na gari la wagonjwa, atapasuliwa, atalala siku moja mbili, atarudi nyumbani. Hakuna atakayemwonyesha bei. Fedha zilishalipwa, sehemu kubwa kupitia kodi, na yeye mwenyewe alichangia bila kujua ni shilingi ipi iliyokwenda kwenye kisu cha daktari.

Akiwa Osaka, Japani, hospitali huenda ikawa mali ya shirika la kitabibu la binafsi, pengine lililoanzishwa na daktari na likaendelea mikononi mwa familia yake. Lakini bima ni ya lazima kwa wakazi wote, na imekuwa hivyo tangu 1961. Wakati wa kutoka atalipia asilimia 30 ya gharama, na jumla yake ikivuka kikomo cha mwezi kinachopangwa kulingana na kipato, kinachozidi hubebwa na bima.

Akiwa Rotterdam, Uholanzi, kadi yake ni ya kampuni ya bima ya binafsi. Tangu 2006 kila mkazi analazimika kuwa na bima ya msingi, na kampuni nayo inalazimika kumpokea yeyote anayeomba, awe mzima au mwenye kisukari cha miaka ishirini, kwa bei ileile. Kila mtu mzima hujilipia euro 385 za mwanzo za matibabu yake kwa mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Kumwona daktari wa familia hakumo katika hesabu hiyo, na hilo lilipangwa kwa makusudi. Hawakutaka mtu akae nyumbani na homa akihesabu sarafu.

Akiwa Houston, Marekani, jibu linategemea. Sheria ya mwaka 1986 inailazimisha hospitali kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura kabla ya kumuuliza uwezo wake. Haisemi bili isifuate. Kama ameajiriwa, huenda ana bima ya mwajiri, utaratibu uliokua wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipobana mishahara na waajiri wakawa wanawavuta wafanyakazi kwa marupurupu badala ya nyongeza. Hospitali italeta bili yake, mpasuaji ya kwake, na aliyempa dawa ya usingizi ya kwake. Kabla ya 2022 iliwezekana hospitali iwe kwenye orodha ya bima yake lakini huyo wa dawa ya usingizi asiwemo, na mgonjwa akalijua hilo wiki kadhaa baadaye anapofungua bahasha ya posta. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2022 imeziba tundu hilo kwa matibabu ya dharura. Gari la wagonjwa la barabarani liliachwa nje ya sheria hiyo, kwa hiyo bahasha bado inaweza kufika.

Kampuni ya bima ya Rotterdam na ile ya Houston zote ni za binafsi, lakini wenye kadi hizo hawaishi katika dunia moja. Ya kwanza imefungwa kamba na serikali katika kila kitu cha msingi isipokuwa jina la mwenye mali.

Japani inastahili tuitazame kwa karibu zaidi, kwa sababu ndiyo inayowatatiza sana wanaoamini kwamba mtu binafsi lazima awe ghali. Kila huduma, kuanzia kufungwa bandeji hadi upasuaji wa moyo, ina pointi zake katika kitabu kimoja cha taifa, na pointi moja ni yeni 10. Kitabu hicho hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Profesa wa hospitali ya chuo kikuu na daktari wa kliniki ya mtaani wote wanasoma kitabu kimoja. Kwa huduma iliyomo humo hakuna anayeruhusiwa kumtoza mgonjwa nyongeza kwa sababu ana jina kubwa. Mwaka 2002 serikali ilikata bei ya kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kwa takriban theluthi. Vipimo havikukoma. Waliotengeneza mashine walileta zilizo ndogo na za bei nafuu zaidi. Ubaya upo pia: daktari anayelipwa kwa kila huduma huwa na hamu ya kumrudisha mgonjwa mara kwa mara, na Wajapani wanasifika kwa kwenda hospitali mara nyingi na kuonwa kwa dakika chache.

Matokeo ya kuwa na mpanga bei mmoja yanaonekana kwenye hesabu kubwa. Marekani inatumia takriban asilimia 17 ya pato lake la taifa kwa afya. Japani na Uingereza, moja ikiwa na hospitali nyingi za binafsi na nyingine za umma, zimo karibu na asilimia 11.

Kanada iliufikia utaratibu wa serikali kulipa bili kwa ugomvi. Tarehe 1 Julai 1962 jimbo la Saskatchewan lilianza kuwalipia wakazi wake wote gharama za daktari, na siku hiyohiyo madaktari wengi wa jimbo wakafunga milango. Mgomo ulidumu siku 23, na serikali ikawa inaleta madaktari kutoka Uingereza. Mapatano yaliyoumaliza ndiyo msingi wa mfumo wa Kanada hadi leo: daktari anabaki kuwa mtu binafsi mwenye ofisi yake, lakini bili anaipeleka serikalini. Mwaka 1984 sheria ya nchi nzima ikaongeza kwamba jimbo linaloacha wagonjwa watozwe nyongeza kwa huduma zilizomo kwenye mpango litakatwa fedha za serikali kuu.

Dirisha likiondolewa, foleni hujitokeza mahali pake. Nisingependa kuficha hilo. Septemba 2023 orodha ya matibabu ya hospitali yasiyo ya dharura yanayosubiriwa ilivuka milioni 7.7 kwa England peke yake, ambayo ni sehemu moja tu ya Uingereza. Mtu mwenye nyonga iliyosagika anaweza kukaa zaidi ya mwaka akitembelea mkongojo, na mwenye akiba benki akaenda kupasuliwa hospitali ya binafsi baada ya wiki chache, mara nyingine na daktari yuleyule. Mpango huu wa daktari mmoja mwenye kofia mbili ulikuwamo tangu mwanzo; mwaka 1948 madaktari bingwa waliridhia kujiunga kwa sharti waendelee na wagonjwa wao wa kulipia. Katika nchi zenye madaktari wachache kofia hizo mbili huumiza zaidi. Bingwa anamtazama mgonjwa asubuhi katika hospitali ya umma, anamwambia nafasi ya upasuaji ni baada ya miezi minne, kisha anaongeza kwa sauti ya chini, "Ukiona vipi, njoo jioni kule kwangu."

Afrika Kusini imelifikisha jambo hili mbali. Takriban mtu mmoja kati ya sita ana bima ya binafsi, lakini karibu nusu ya fedha zote za afya nchini zinatumika upande wake, na madaktari bingwa wanafuata fedha. Sheria ya bima ya taifa iliyotiwa saini Mei 2024 imelenga kuunganisha fedha za pande hizo mbili katika mfuko mmoja, na mara ikapelekwa mahakamani.

Tanzania ilijaribu njia ya kufunga mlango kabisa. Mwaka 1977 ilipiga marufuku utabibu wa kibiashara, ikauruhusu tena 1991. Hospitali za madhehebu ya dini hazikuguswa. Kadhaa zilipewa jukumu la kuwa hospitali teule za wilaya, jengo la kanisa likifanya kazi ya serikali kwa ruzuku ya serikali. Hizo nazo zingemchanganya msoma vibao.

Thailand haikushughulika na kibao. Kati ya 2001 na 2002 iliweka ada moja ya bati 30 kwa kila ziara kwa wale wasio na bima nyingine, na hospitali ikawa inalipwa kwa kichwa cha kila mkazi aliyesajiliwa kwake. Malipo ya kutoka mfukoni yameshuka hadi takriban kumi kwa mia ya matumizi yote ya afya. Ukitaka kulinganisha nchi mbili na una nafasi ya takwimu moja tu, chukua hiyo.

Hata nchi zenye mifumo mipana zaidi zina kona ambako dirisha limebaki, na mara nyingi kona hiyo ni mdomo. Sheria ya Kanada ya 1984 haikuyajumuisha matibabu ya kawaida ya meno. Uingereza meno bandia na miwani vilikuwa bure miaka mitatu ya mwanzo, na watu walivijia kwa wingi kuliko ilivyokisiwa. Mwaka 1951, serikali ikitafuta fedha za silaha wakati wa vita vya Korea, iliamua vitozwe nusu ya gharama. Aneurin Bevan, waziri aliyeuanzisha mfumo huo, alijiuzulu kwa ajili hiyo. Mwaka uliofuata ada ikaingia kwenye dawa pia. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zimeifuta ya dawa. England bado inatoza, na ya meno bado ipo.