Kutoegemea upande vitani: maana yake ni nini?

Watu wengi hudhani kutoegemea upande ni kukaa kimya wenzako wakipigana. Kisheria ni zaidi ya hapo. Nchi isiyoegemea upande haimsaidii yeyote katika wapiganaji, nao hawana ruhusa ya kuishambulia wala kuzifanya bandari zake kambi zao. Kazi iko hapo bandarini, kwa sababu anayesema hayumo vitani lazima aweze kuwazuia hata raia wake.

Marekani ililijua hilo mwaka 1793, serikali yake mpya ikiwa na miaka 4 tu. Ufaransa, iliyoisaidia kupata uhuru, ilikuwa imemkata kichwa mfalme wake na kuingia vitani na Uingereza. Mkataba wa 1778 uliitaka Marekani izilinde milki za Ufaransa katika bara la Amerika. Izilinde kwa nguvu gani? Haikuwa na jeshi la majini, na hazina yake iliishi kwa ushuru wa forodha, mwingi ukitokana na bidhaa za Uingereza.

Hakuna waziri aliyetaka vita. Walichobishania ni mkataba. Hamilton wa Fedha alisema uliwekwa na mfalme, na mfalme amekufa, kwa hiyo unaweza kusimamishwa. Jefferson wa Mambo ya Nje akajibu kwamba mikataba ni ya mataifa, watawala hupita. Kwangu Jefferson alikuwa na hoja nzito zaidi, na mkataba haukufutwa. Jefferson pia alitaka Uingereza ilipie kwanza ahadi ya Marekani ya kutopigana. Ndiyo maana tangazo la Rais Washington la Aprili 22 halina kabisa neno “kutoegemea upande”, linataja tu mwenendo wa kirafiki usiopendelea.

Tangazo likakutana na Genet, mjumbe wa Ufaransa. Alikuwa ameshashuka Charleston na kuanza kugawa vibali vya kuteka meli za Waingereza, na mabaharia wa Kimarekani walijiunga. Mmoja wao, Gideon Henfield, alishtakiwa, baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Amevunja sheria gani, ikiwa Bunge halijatunga yoyote? Serikali iliomba Genet arudishwe kwao, lakini pengo la sheria lilibaki mpaka Juni 1794, Bunge lilipopitisha sheria ya kumwadhibu raia anayepokea kibali cha vita cha dola ya kigeni, au yeyote anayeiandalia meli ya kivita katika bandari za Marekani.