Kwa Nini Mdadisi Anauliza Kuhusu Mtoto Aliyefariki

Katika tafiti za kitaifa za kaya zinazohusu uzazi na maisha ya familia, lipo swali linalowachoma wengi. Mdadisi amekaa na mama, kishikwambi mkononi, maongezi yanakwenda vizuri, kisha anauliza: umewahi kuzaa mtoto akiwa hai, lakini baadaye akafariki? Mama akijibu hapana, mdadisi haruhusiwi kuishia hapo. Anatakiwa aulize tena: hata mtoto aliyelia, aliyejitikisa, aliyetoa sauti au kujaribu kuvuta pumzi, ijapokuwa kwa muda mfupi sana?

Kwa mwenye msiba wake hii huonekana kama kutonesha kidonda. Lakini mtoto aliyeishi saa chache mara nyingi hakupewa jina wala kuandikishwa popote, na jamaa wamekubaliana kimyakimya kutomtaja. Pale ambapo usajili wa vizazi na vifo haujakamilika, kumbukumbu ya mama ndiyo rejista pekee aliyobaki nayo mtoto huyo. Akisahauliwa, taifa linapata picha ya uongo mara mbili: vifo vya watoto wachanga vinaonekana vichache kuliko vilivyo, na uzazi nao unaonekana mdogo.

Ndiyo maana dodoso halianzi kwa kuuliza “una watoto wangapi?” Ukiuliza hivyo, wengi watahesabu wale wanaolala chini ya paa moja nao. Aliyepelekwa kwa bibi yake anasahaulika, na aliyeolewa mbali anasahaulika vilevile. Kwa hiyo hesabu hukatwa vipande: wa kiume wanaoishi nawe, wa kike wanaoishi nawe, wa kiume na wa kike wanaoishi kwingine, kisha waliofariki. Mdadisi hujumlisha na kumsomea mama jumla ili athibitishe. Hapo ndipo linapoanza simulizi la uzazi, kuanzia mtoto wa kwanza: jina, jinsia, kama ni pacha, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, yu hai au la. Kwa aliyefariki, umri huandikwa kwa siku ikiwa hakutimiza mwezi, kwa miezi ikiwa hakutimiza miaka miwili, na kwa miaka baada ya hapo. Katikati ya kila watoto wawili huulizwa kama kuna mwingine aliyezaliwa kati yao, hasa pengo likiwa kubwa.

Makosa hayatoki kwa mama peke yake. Sehemu ndefu ya dodoso, yenye maswali ya kliniki, chanjo, kuhara na kunyonyesha, huulizwa kwa watoto waliozaliwa ndani ya kipindi fulani cha karibuni, kwa kawaida miaka mitano. Mdadisi aliyechoka jioni hugundua haraka kwamba akimsogeza mtoto aliyezaliwa Januari ya mwaka wa mpaka, yaani mwaka ambao kipindi hicho kinaanzia, hadi Desemba ya mwaka uliotangulia, anaokoa dakika nyingi. Wakifanya hivyo wadadisi wengi, kwenye takwimu kunatokea bonde upande mmoja wa mpaka na kilima upande wa pili. Wachambuzi hulitafuta bonde hilo kabla ya kuamini chochote, na wasimamizi wazuri hulikagua timu kwa timu wakati kazi bado iko uwandani. Kwa maoni yangu, ukaguzi huu una thamani kuliko kuongeza kaya elfu moja kwenye sampuli.

Kutokana na majibu hayo hupatikana kiwango cha jumla cha uzazi. Watu hukisoma kama idadi ya watoto alionao mwanamke wa kawaida, na sivyo. Huchukuliwa vizazi vya miaka michache iliyopita, kwa kawaida mitatu, vikagawanywa kwa miaka waliyoishi wanawake wa kila rika kuanzia 15 hadi 49 katika kipindi hicho, kisha viwango vya marika yote vikajumlishwa. Jibu linasema mwanamke angezaa watoto wangapi iwapo angepita marika yote chini ya hali ya kipindi hicho. Wanawake wakiahirisha kuzaa kwa pamoja, namba inashuka hata kama mwishowe watazaa watoto walewale.

Kenya ni mfano mzuri wa faida na mitego ya namba hii. Utafiti wa 1977–78 ulikuta 8.1, wa 1989 ukakuta 6.7, wa 1998 ukakuta 4.7. Kisha 2003 ikaja 4.9. Je, uzazi ulipanda? Utafiti wa 2003 ulikuwa wa kwanza kufika maeneo ya kaskazini yaliyoachwa nje awali, ambako uzazi ni mkubwa, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni ya ramani tu. Hata hivyo, ukiyaondoa maeneo hayo, bado unaona kwamba kushuka kulikuwa kumesimama. Baadaye kukaendelea: 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022. Sensa ya kila miaka kumi isingeonyesha kusimama huko kwa wakati.

Huulizwa pia idadi ya watoto ambayo mtu angependa. Wapo wanaojibu “atakaonijalia Mungu.” Mdadisi ataomba namba, na ikikosekana ataandika jibu kama lilivyotolewa, maana nalo ni taarifa.

Kuna ambao hakuna dodoso linaloweza kuwafikia: kina mama waliofariki wakijifungua. Hao huulizwa kupitia ndugu zao. Kila mhojiwa hutaja ndugu wa tumbo moja, na kwa kila dada aliyefariki huulizwa kama alikuwa mjamzito, akijifungua au katika wiki chache baada ya kujifungua. Na kuna mambo ambayo aliye hai huyaficha. Nchini Marekani, utafiti wa ukuaji wa familia ulioanza 1973 huwapa wahojiwa kompyuta na visikilizio wajibu wenyewe bila kusikika, lakini hata hivyo mimba zilizotolewa zinazotajwa ni chini ya nusu ya zile zinazohesabiwa na watoa huduma. Tukirudi kwenye tafiti zetu za kaya, maswali ya ukatili wa nyumbani huulizwa kwa mwanamke mmoja tu katika kaya, faraghani, ili asiwepo mwingine anayejua mwenzake aliulizwa nini. Mtu akiingia, mdadisi hubadilisha mada. Na mhojiwa anaweza kukataa swali lolote, au mahojiano yote.

Mpango wa kimataifa uliofadhiliwa na Marekani tangu 1984, uliosaidia zaidi ya tafiti 400 za aina hii katika nchi zaidi ya 90, ulisitishwa mapema 2025. Fedha zinaweza kupatikana kwingine. Wasiwasi wangu uko kwenye dodoso: kila ofisi ya takwimu sasa itashawishika kulifupisha ili kupunguza gharama, na maswali ya kwanza kuonekana ya ziada yatakuwa haya yanayorudiwa, likiwemo lile la mtoto aliyelia kwa muda mfupi.