BMW X3 kwenye milima ya Mwanza: 4WD yake inaanzia kwenye tairi

Ukikuta X3 imewasha taa tatu za njano kwa pamoja, ya ABS, ya DSC (mfumo wa kuzuia gari isiteleze) na ya 4x4, usikimbilie kung'oa sensa. Inama kwanza uangalie tairi. Soma namba zilizo ubavuni mwa zote nne, hakikisha ni za aina moja, kisha pima kina cha mifereji yake. Kwenye gari hii tairi ni kiungo cha mfumo wa 4WD sawasawa na transfa yenyewe (kasha linalogawa nguvu mbele na nyuma), ila transfa mtu huinunua kwa kuuliza na tairi hununua kwa kukisia.

Nazungumzia zaidi toleo la F25, lililotengenezwa Spartanburg, Marekani, kuanzia 2010 hadi 2017. Bei yake ya mtumba imeshuka kiasi cha kumtega mtu aliyetoka nyumbani na hela ya Harrier. Kabla yake ilikuwepo E83, iliyoundwa Graz, Austria, kuanzia 2003. Nitaigusa panapohusika.

Injini ya X3 imelala kwa urefu wa gari, tofauti na X-Trail au Harrier ambazo injini imekaa kwa upana. Nyuma ya injini kuna gia boksi ya ZF ya gia nane, nyuma ya gia boksi kuna transfa, na kwenye transfa zinatoka propela mbili: moja inaenda difu ya nyuma, nyingine inarudi mbele ubavuni mwa gia boksi hadi difu ya mbele. Nguvu ya nyuma inapita moja kwa moja muda wote. Ya mbele lazima ipite kwenye klachi ya sahani nyingi zinazoogelea kwenye oili ndani ya transfa. Mota ndogo ya umeme ndiyo inayozibana sahani hizo. Ikizibana kabisa, mbele na nyuma vinazunguka kama kitu kimoja. Ikiziachia, una gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kwa mwendo wa kawaida mgawo ni asilimia 40 mbele na 60 nyuma, na unabadilika kabla dereva hajahisi kitu.

Anayeamua ni kompyuta, na kompyuta haioni barabara. Inapata kasi ya kila gurudumu, kona ya usukani na mguu wako kwenye mafuta, basi. Gurudumu likizunguka haraka kuliko wenzake, kwake hiyo ni dalili ya utelezi, na inabana klachi. Sasa funga tairi mbili mpya nyuma uache mbili zilizochoka mbele, uone unavyoidanganya.

Tuchukue saizi ya 245/50R18. Ikiwa mpya kipenyo chake ni milimita 702 hivi, na ikizunguka mara moja inakwenda mita 2.21. Mifereji ikishuka kutoka milimita 8 hadi 3, kipenyo kinapungua milimita 10 na mzunguko unabaki mita 2.17. Tofauti hiyo ni asilimia moja na nusu hivi, nani ataijali? Lakini kwa kila kilomita, tairi zilizochoka zinazunguka mara sita na nusu zaidi ya zile mpya. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo ni zaidi ya mizunguko 1,300 ya tofauti. Na transfa iko upande wa pili wa difu, ambako propela inazunguka zaidi ya mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Sahani za klachi zinasuguana karibu mara 4,000 kwa safari moja, kwenye lami kavu, bila tone la mvua wala punje ya mchanga. Oili inaungua, inakuwa nyeusi, na gari inaanza kutetemeka.

Ndiyo maana kubadilisha tairi mbili mbili, jambo la kawaida kabisa kwa gari nyingine, hapa ni kununua transfa kwa mkopo. Badilisha nne. Kama tairi moja imechanwa na jiwe na zilizobaki bado ni nzima, tafuta iliyotumika ya kampuni ileile, mchoro uleule na kina kinacholingana. Zungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 ili zichakae pamoja, maadamu zote nne zina upana mmoja.

Kosa jingine ni la saizi. Tairi ya Harrier ya 225/65R17 inaingia vizuri kwenye rimu ya X3 ya inchi 17, na dukani utaambiwa inafaa. Kipenyo chake ni milimita 724. Ya X3 ni 225/60R17, ambayo ni milimita 702 hivi. Mbili za Harrier zikikaa upande mmoja wa gari, tofauti ni asilimia tatu na ushee, na taa zitawaka mapema sana. Upana siyo tatizo. Kuna X3 zilizotoka kiwandani na 245/45R19 mbele na 275/40R19 nyuma, na ukipiga hesabu zote zinaangukia milimita 703. Mhandisi alilinda mzunguko, upana akauacha uende na urembo. Nyingi pia zilitoka na ranflati (tairi zinazoendelea kutembea hata zikiisha upepo) na hazina tairi ya akiba. Ukizitoa ili upate ulaini kwenye njia za mawe za Isamilo au Mabatini, ni uamuzi mzuri kwa maoni yangu, ila toa zote nne kwa mpigo na utafute tairi ya akiba yenye mzunguko uleule.

Mtetemo wenyewe una tabia yake. Unausikia gari ikiwa ya moto, ukikata kona kali kwa mwendo wa chini huku ukikanyaga mafuta kidogo, mfano unapoingia geti la nyumbani kwenye mteremko. Gari inashtuka-shtuka kama mtu amegusa breki ya mkono. Wengi hulaumu gia boksi. Lakini kabla ya kufungua chochote, linganisha tairi na upepo wake, kisha badilisha oili ya transfa.

Oili hiyo haifiki lita moja kwenye F25, na ni aina maalumu, DTF-1, ambayo zamani iliitwa TF 0870. ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ya kawaida hapana, oili ya difu namba 90 hapana kabisa. Ina dawa ya msuguano iliyopimwa kwa sahani hizi, na ukiweka nyingine, sahani zitateleza au zitashika kwa kuruka. Fungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ukishamwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari hailali popote isipokuwa hapo ilipo. Soma namba ya transfa kwenye kibati chake, weka kipimo cha namba hiyo. Kazi haijaisha hapo. Kompyuta inahesabu uchakavu wa oili na kurekebisha nguvu ya kubana kadiri oili inavyozeeka, kwa hiyo lazima mashine ya kusoma kompyuta ya gari ifute hesabu ya zamani. Ukiruka hatua hiyo, oili mpya itabanwa kama ya zamani na mtetemo utabaki palepale, halafu mtu atasema oili haikusaidia. BMW haikupanga tarehe ya kuibadilisha. Kwa milima yetu mimi nasema kila kilomita 60,000.

Kwa E83 kuna ugonjwa wake. Ndani ya mota inayobana klachi kuna gia ya plastiki. Inalika meno, mota inazunguka bure, na taa tatu zinawaka, mara nyingi baada ya kuzima gari na kusikia mlio mfupi wa kukwaruza kutoka chini. Gia peke yake inapatikana kama spea, na mota inatoka kwa bolti chache bila kushusha transfa. Hakuna haja ya kununua transfa nzima. Na kwa E83 na F25 zote mbili, pima betri kabla ya kuhukumu mota: umeme ukishuka wakati wa kuwasha, mfumo unajizima na kuandika kosa. Betri iko nyuma chini ya sakafu ya buti, na kwa F25 mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ili ichajiwe inavyostahili. Sakafu hiyohiyo ndiko maji ya mvua yanakotua kama mirija ya dirisha la juu imeziba vumbi na majani, kwa hiyo masika yakikaribia mimina maji kidogo kwenye kona za dirisha hilo uone kama yanatokea chini ya gari.

Njia mbovu tuseme kwa ufupi. X3 haina gia ya kupunguza (ile gia nzito ya 4WD ya njia mbovu), na magurudumu ya kushoto na kulia yanagawana nguvu kwa msaada wa breki, siyo kwa kufunga difu. Kwenye mchanga wa ufukweni bonyeza DSC mara moja, kwa muda mfupi, ili iruhusu magurudumu yazunguke kidogo bila kukata nguvu. Kwenye mteremko wa mawe tumia HDC, inayoshikilia mwendo wa kushuka yenyewe, lakini usiigeuze mazoea ya kila siku, maana anayefanya kazi ni breki, na breki zina joto lake.

Injini ambayo utakutana nayo mara nyingi ni N20 ya petroli, 1,997 cc yenye turbo: nguvu ya farasi 184 kwenye xDrive20i na 245 kwenye xDrive28i. Kuwa chini ya 2,000 cc kunasaidia kwenye ushuru. Mwanza iko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na turbo inafidia uhaba wa hewa wa mwinuko huo vizuri kuliko injini ya kawaida. Udhaifu wake unajulikana: vibao vya plastiki vinavyoongoza taimingi cheni vinakauka na kuvunjika, hasa kwenye injini za kabla ya 2015. Vipande vinaanguka kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na kuziba mdomo wa pampu ya oili. Dalili ni mvumo mwembamba unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini. Ukiusikia, usiendeshe tena hadi sampu ifunguliwe. Na sampu haifunguki kirahisi, kwa sababu difu ya mbele imefungwa ubavuni mwake na shafti ya gurudumu inapita katikati yake. Lazima injini ining'inizwe na fremu ya chini ishushwe. Ndiyo gharama ya 4WD ya aina hii, na fundi atakayekutajia bei ya sampu ya gari ya kawaida hajawahi kuifungua.

Oili ni lita 5, na hakuna kijiti cha kupimia. Unasoma kwenye skrini, injini ikiwa ya moto na gari ikiwa tambarare. Hapo ndipo watu wa Capri Point na Bugando hukosea: wanasoma wakiwa wamepaki mlimani, kipimo kinadanganya, wanaongeza, na injini inajazwa kupita kiasi. Shuka hadi tambarare kwanza.

Kwenye maji ya kupozea injini kuna mambo mengi zaidi. Pampu ya maji ni ya umeme, haina mkanda, haitoi dalili ya kuvuja wala kulia, inakufa tu. Dashibodi haina mshale wa joto la maji, kwa hiyo onyo likitokea simama papo hapo. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati kompyuta kwa makusudi huipeleka injini zaidi ya 100 ili kubana matumizi. Kinachozuia isichemke ni presha ndani ya mfumo pamoja na kulenti, nusu kwa nusu na maji safi. Kifuniko cha tenki kilicholegea kinatosha kuichemsha gari nzima kabisa. Kung'oa themostati, dawa ya zamani ya gereji zetu, hapa kunaleta taa ya injini na matumizi makubwa ya mafuta. Wale wadudu wa ziwani wanaopita kwa mawingu nao hujaa kwenye kondensa ya AC mbele ya rejeta. Wasuuze kwa maji ya bomba la kawaida. Maji ya presha hulaza mapezi.

Ukishabadilisha pampu au kumwaga maji, hewa haitoki kwa kuwasha injini na kusubiri. Unganisha chaja ya betri, jaza tenki, weka swichi bila kuwasha injini, peleka joto la ndani hadi mwisho na feni kwenye kiwango cha chini kabisa, kisha kanyaga mafuta hadi sakafuni kwa sekunde 10. Pampu itaanza kuzunguka yenyewe kwa dakika 12 hivi. Ikimaliza, ongeza maji hadi alama.

Gia boksi ya ZF ni imara. Maandishi ya gari yanasema oili yake ni ya maisha, lakini ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta imeumbwa pamoja na sampu ya plastiki, kwa hiyo inatoka nzima. Kiwango kinapimwa injini ikiunguruma, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Xdrive20d ya dizeli inavuta vizuri zaidi mlimani, ila filta ya moshi inataka safari ndefu. Mtu anayezunguka Kirumba na Nyakato tu aiache.

Gari ikikuharibikia Sengerema, au popote upande wa pili wa daraja la Kigongo–Busisi, usikubali ivutwe magurudumu mawili yakiwa juu na mawili chini. Propela moja itazunguka na nyingine itasimama, na klachi iliyo katikati ndiyo itakayolipa. Ipakiwe mzima mzima juu ya gari la kubebea.

Na ukiwa unanunua, omba uiendeshe dakika 20 hadi ipate moto, tafuta uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole mara tatu kulia na mara tatu kushoto huku ukigusa mafuta. Kisha zima, shuka, na usome namba za tairi zote nne.