Kinachokatwa kwa ajili ya chama cha wafanyakazi kinanunua nini?

Mfanyakazi wa kiwanda cha samaki hapa Mwanza akifungua karatasi yake ya mshahara anakuta makato kadhaa. PAYE, ile kodi ya mshahara, anaijua. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anaijua. Halafu kuna mstari wa chama cha wafanyakazi, na hapo ndipo anapowageukia wenzake kuuliza hela hiyo inaenda wapi. Jibu la haraka la getini ni kwamba hao ni watu wa fulana za Mei Mosi. Lina ukweli wake, maana yapo matawi yanayoamka mwishoni mwa Aprili, yakagawa fulana na kofia, kisha yakalala tena. Ila sheria imekipa chama kazi nzito kuliko hiyo, na asiyezijua kazi zenyewe hana pa kuanzia kulibana tawi lake.

Chama cha wafanyakazi ni umoja wa watu walioajiriwa, waliojiunga kwa hiari ili wazungumze na mwajiri kwa pamoja kuhusu mshahara, saa za kazi, usalama na namna wanavyotendewa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama na kuomba kisajiliwe. Mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwa sababu amejiunga, wala kumwachisha kazi kwa sababu hiyo. Mameneja wa juu, wale wanaotunga sera za kampuni na kusaini mikataba ya pamoja kwa niaba yake, hawawezi kuwa chama kimoja na walio chini yao.

Hapo ndipo chama hiki kinapoachana na vyama vingine vilivyojaa kanda hii. Nyanza ni ushirika wa wakulima wa pamba, na mkulima wa Magu au Kwimba hana mwajiri, ana mnunuzi. SACCOS ni ya kuweka na kukopa. BMU, vikundi vya usimamizi wa mialo yetu, zinalinda ziwa dhidi ya uvuvi haramu, na ndani yake mwenye mtumbwi anakaa kikao kimoja na mvuvi anayemfanyia kazi. Mvuvi huyo akiona mgawo wake haueleweki baada ya kutolewa petroli na barafu, atalipeleka wapi jambo lake, ikiwa anayeongoza kikao huenda ndiye mwenye mtumbwi? Kwa maoni yangu hili ni pengo kubwa ziwani. Watu wanaolipwa kwa mgawo wana bosi wanayemjua kwa jina na sura, lakini kwenye karatasi ni vigumu kuonyesha nani ameajiriwa na nani.

Kwa walioajiriwa, vyama vimegawanyika kwa sekta. Viwanda na biashara ni TUICO, walimu ni CWT, serikali na afya ni TUGHE, halmashauri ni TALGWU, hoteli na kazi za majumbani ni CHODAWU, migodi ni TAMICO, na vingine. Juu ya vyama vingi vya aina hii lipo shirikisho, TUCTA, ambalo ndilo linaloonekana Mei Mosi likizungumza na Rais. Mwaka 2021 sherehe hizo kitaifa zilifanyika hapahapa, uwanja wa CCM Kirumba, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kodi ya PAYE kwa kiwango cha chini ingeshuka kutoka asilimia 9 hadi 8.

Wazee wengi bado wanakiona chama kama ofisi ya serikali, na hawajakosea kukumbuka hivyo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la wakati huo, TFL, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wake miaka ya 1950, lilivunjwa mwaka 1964 na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wa NUTA, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Hebu fikiria unamdai serikali nyongeza, na anayekudaia ni waziri wake. Baadaye ikaja JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991, na ndipo vyama vya sekta vikaanza kusimama vyenyewe.

Kazi kubwa ya chama kazini ni kufunga mkataba wa hali bora. Huu ni mkataba wa maandishi kati ya chama na mwajiri, unaoweka masharti mazuri zaidi ya yale ambayo sheria inayataka kwa uchache. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa ya usiku. Chama kinaingia mezani kuipandisha hiyo 5 iwe 8 au 10.

Halafu yapo mambo ya kiwanda cha minofu ambayo aliyeandika sheria Dodoma hakuyafikiria. Sangara wakiadimika, magari yanarudi na makreti matupu na mashine zinasimama siku tatu, nne, wiki. Je, siku hizo zinalipwa, zinalipwa nusu, au zinakatwa kwenye likizo ya mtu bila kumuuliza? Zamu ikitoka saa 6 usiku, dada anayekaa Buhongwa anafikaje kwake? Gamboti zikipasuka mwezi wa pili tangu zitolewe, nani ananunua nyingine? Mfanyakazi akifiwa, kampuni inatoa gari la msiba au bahasha tu? Mkataba mzuri wa hali bora unajibu maswali ya namna hii kimoja kimoja, kwa tarakimu. Ukikuta umejaa maneno kama "mwajiri ataangalia uwezekano wa", jua waliokwenda kujadiliana walichoka mapema.

Lakini chama hakiketi mezani kwa kuwa kimesajiliwa tu. Lazima kiwe na wengi mahali pale pa kazi. Kiwanda chenye watu 300 wasio mameneja, chama kinahitaji 151. Kikiwapata, kinampa mwajiri taarifa kwa fomu, na ndani ya siku 30 mwajiri anatakiwa akutane nacho ili wasaini makubaliano ya kukitambua. Akikataa, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Akishakitambua, analazimika kujadiliana kwa nia njema na kukipa taarifa kinazozihitaji kwa majadiliano, kwa hiyo kusema "biashara ni mbaya mwaka huu" hakutoshi bila kuonyesha chochote. Mkataba ukisainiwa unawafunga wote, hata wasio wanachama. Ndiyo maana ukiona chama kinahangaika kuandikisha watu, kinaitafuta ile nusu na mmoja.

Kazi ya pili haionekani mpaka ikukute. Tuseme mkata minofu amekabidhiwa barua ya kujieleza jioni anapotoka: anatuhumiwa kutoka na kilo mbili za minofu. Usiku anaandika kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni jinsi supavaiza anavyomchukia, wa pili ni ada za watoto na kodi ya chumba, na katikati ya wa tatu, kwa hasira, anaandika kwamba hata wengine wanachukua. Hapo amekwisha. Kama ana tawi linalofanya kazi, asubuhi anampelekea mwakilishi karatasi hizo kabla hajazikabidhi ofisini. Mwakilishi anasoma, anazikunja, anamwambia: "Mdogo wangu, umeulizwa kitu kimoja. Jibu hicho hicho." Kwenye kikao cha nidhamu, mwakilishi huyohuyo anaketi pembeni yake na kuuliza maswali ambayo mtu aliyeshikwa na woga hayamjii: alipekuliwa na nani, mbele ya nani, minofu ilipimwa kwenye mzani gani, daftari la getini linasema nini kuhusu saa hiyo?

Kanuni za utendaji bora za 2007 zinampa mfanyakazi haki ya kusindikizwa hivyo, na muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida usipungue saa 48. Mwakilishi hafuti kosa. Mtu akiwa ameiba kweli, kikao kitamwondoa, na tawi linalomtetea mwizi kwa kelele linapoteza heshima kwa mwajiri na kwa wenzake pia. Anachofanya mwakilishi ni kuhakikisha kwamba anayeondoka ameondoka kwa ushahidi na kwa utaratibu. Ikionekana utaratibu ulirukwa, shauri linapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku hizo zinakwenda haraka kuliko mtu anavyodhani, hasa anayezimaliza akimbembeleza afisa utumishi amrudishe.

Idadi ya wawakilishi nayo imepangwa. Penye wanachama 21 hadi 100 wanakuwa 10. Wakizidi 100 wanakuwa 15, na angalau 5 kati yao wawe wa kuwawakilisha wanawake. Kiwanda cha samaki ambacho meza za kukatia na kufungashia zimejaa wanawake, kisha tawi zima likawa la wanaume wa karakana, tawi hilo halijafuata sheria.

Mgomo nitaupitia kwa ufupi, kwa kuwa ni nadra. Unaruhusiwa, lakini njia yake ni ndefu: mgogoro uwe wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya na si haki ambayo sheria au mkataba umeshaitoa, upelekwe CMA, usuluhishi ushindikane, wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Wa maji, umeme, afya na zimamoto wamo kwenye huduma muhimu, ambako mgomo umebanwa. Siku za mgomo halali hufukuzwi, ila hulipwi pia. Mgomo wa walimu ulioanza mwishoni mwa Julai 2012 ulidumu siku chache tu kabla ya Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuutangaza kuwa si halali.

Vibarua ndio habari ngumu zaidi. Wanaofika getini alfajiri wakisubiri kuitwa nao ni wafanyakazi, na hakuna sheria inayowazuia kujiunga. Shida iko kwenye hesabu. Ada hukatwa na mwajiri baada ya mtu kusaini fomu ya TUF 6, naye kibarua analipwa mkononi jioni na kesho huenda asiitwe, kwa hiyo chama hakina pa kumkata wala pa kumhesabu. Zaidi ya hapo, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Matawi mengi yanaliacha jambo hili kwa sababu ni la kuchosha, nami naona wanajiumiza wenyewe: kila anayestaafu au kuondoka kwenye ajira ya kudumu na nafasi yake ikajazwa na kibarua, tawi linazidi kuwa dogo. Suala la kibarua wa muda mrefu kupewa mkataba linaweza kuingizwa kwenye mkataba wa hali bora, na pale wanachama wa kudumu wanapolidai, mwajiri hana sababu ya kusema halimhusu.

Turudi kwenye karatasi ya mshahara. Kila chama kina kiwango chake cha ada; CWT, kwa mfano, imekuwa ikikata asilimia 2 ya mshahara. Mwajiri anatakiwa aipeleke hela hiyo kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Asiyeridhika anaweza kujitoa kwa kuandika taarifa ya mwezi mmoja. Wengi wakishajitoa hushangaa kuona makato yanaendelea. Hiyo ni ada ya uwakala: chama chenye wengi kikikubaliana na mwajiri, asiye mwanachama naye anakatwa, kwa kuwa anafaidi mkataba uleule. Haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, na hela yake lazima ikae kwenye akaunti tofauti na itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo, isichangie chama chochote cha siasa. Kwa hiyo aliyejitoa kwa hasira za fulana huenda akabaki analipa karibu kilekile, huku kura ya kumwondoa mwenyekiti wa tawi aliyemkasirisha akiwa ameiacha kwa wenzake.