Madini yanayokaza utando wa bakteria: maswali na majibu

Bakteria ana shughuli gani na kalsiamu na magnesiamu?

Kwa bakteria wa Gram hasi (kundi lenye utando wa ziada kwa nje), kama E. coli, Klebsiella na Pseudomonas, madini hayo ndiyo gundi ya utando wa nje. Uso wa utando huo umejaa molekuli za mafuta na sukari zenye fosfeti, na fosfeti zina chaji hasi. Chaji za aina moja husukumana, kwa hiyo peke yake utando ungelegea. Ayoni (chembe yenye chaji) ya magnesiamu au kalsiamu ina chaji chanya mbili: hujipachika katikati na kuwashika majirani wawili kwa pamoja. Ukikazwa hivyo, dawa nyingi hazipenyi.

Ayoni zikinyang'anywa?

Utando unavuja. EDTA, kemikali inayonasa ayoni hizo, hufanya hivyo hasa, nayo imo ndani ya kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau. Mle huzuia damu isigande kwa kunasa kalsiamu, lakini haichagui: hunasa na za bakteria. Damu ikimiminwa kutoka humo kwenda kwenye chupa ya kuoteshea, bakteria huenda wasiote na majibu yakasema mgonjwa hana maambukizi. Jaza chupa za kuoteshea kwanza, zambarau baadaye.

Kolistini, antibiotiki ya Gram hasi, huuaje?

Ina chaji chanya tano na mkia wa mafuta. Huzing'oa ayoni, hukaa mahali pake, kisha mkia huchana utando. Jeni ya mcr-1, iliyoripotiwa China mwaka 2015, humpa bakteria kimeng'enya kinachofunika fosfeti na kupunguza chaji hasi, dawa ikakosa pa kushika. Jeni hiyo husafiri kwenye plasmidi (kiduara kidogo cha DNA), kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na hilo ndilo baya zaidi.

Maabara iangalie nini?

Mchuzi wa Mueller-Hinton, kimiminika cha kuoteshea bakteria wakati wa kupima dawa, uwe na kalsiamu miligramu 20 hadi 25 kwa lita, na magnesiamu 10 hadi 12.5. Ayoni zikizidi, Pseudomonas ataonekana sugu kwa antibiotiki ya gentamisini ilhali si sugu. Zikipungua, ataonekana anauawa, na kosa hili ni zito kuliko lile: mgonjwa atapewa dawa isiyomsaidia. Daptomisini, dawa ya bakteria wa Gram chanya (wasio na utando wa nje), haifanyi kazi bila kalsiamu. Mchuzi wake huwekwa miligramu 50 kwa lita. Kolistini usiipime kwa diski ya karatasi yenye dawa, maana molekuli yake ni kubwa na haisambai vizuri kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria.

Je, vidonge vya magnesiamu vitawanenepesha bakteria wangu?

Hapana, mwili hukidhibiti kiwango cha magnesiamu kwenye damu. Ila dawa ya kiungulia yenye magnesiamu huikamata antibiotiki ya siprofloksasini tumboni kabla haijaingia damuni. Meza siprofloksasini saa 2 kabla ya dawa hiyo, au saa 6 baada yake.