Mkutano mkuu wa chama: uamuzi mkubwa huanzia tawini

Mkutano mkuu wa taifa wa chama cha siasa ukifika, wanachama wengi huufuatilia kwenye runinga: sare, nyimbo, hotuba, kisha mshindi anatangazwa. Kwa mwanachama wa kawaida, nafasi ya kuamua ilishapita. Wanaopiga kura ukumbini ni wajumbe, na sehemu kubwa yao walipatikana miezi mingi nyuma katika chaguzi za ndani za ngazi za chini, ambazo wengi wetu hatuhudhurii.

Jambo hili lina uzito wa pekee Tanzania kwa sababu hatuna mgombea binafsi. Katiba, katika Ibara ya 39 na ya 67, inamtaka mgombea urais na mgombea ubunge awe amependekezwa na chama. Jina lisilopita chamani halifiki kwenye karatasi ya kura, hata kama nchi nzima inalitaka. Ndiyo maana Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama kisichoruhusu viongozi wake kuchaguliwa kwa vipindi na kwa njia za kidemokrasia. Mengi yaliyobaki, kama vile nani awe mjumbe, akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao) iwe kiasi gani na mshindi apate kura ngapi, utayakuta kwenye katiba na kanuni za chama chako. Omba nakala uisome. Mwanachama asiyeijua katiba ya chama chake hawezi kujua ni lini imevunjwa.

Tuangalie mchujo, maana hapo ndipo mengi huamuliwa. Mwaka 2015 watia nia 38 wa CCM walirejesha fomu za kuomba urais. Kamati Kuu ilibakiza watano, Halmashauri Kuu ya Taifa ikabakiza watatu, na wajumbe wa Mkutano Mkuu kule Dodoma wakamchagua John Magufuli kati ya hao watatu. Edward Lowassa, aliyekuwa na wafuasi wengi, jina lake lilikatwa kwenye Kamati Kuu; wajumbe wa Mkutano Mkuu hawakupata hata nafasi ya kumpigia kura. Kwa hiyo ukiulizwa nani humchagua mgombea, usiishie kwenye ukumbi mkubwa. Uliza pia nani huwachagua wanaokata majina.

Hata hivyo, ukumbi nao una nguvu zake. Mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza ya kumpata mgombea urais ndani ya CCM, lakini hakufikisha nusu ya kura. Duru ya pili ikampa ushindi Benjamin Mkapa. Januari 2025, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Chadema pale Mlimani City, Tundu Lissu alipata kura 513 na Freeman Mbowe 482. Wajumbe 16 tu wangebadili uamuzi wao, Mbowe ndiye angekuwa mbele kwa kura. Idadi hiyo inaenea kwenye basi dogo la abiria! Anayedharau uchaguzi wa ngazi ya chini kwa kuwa eti ni wa watu wachache, autazame upya kwa hesabu hiyo.

Kuna pia suala la akidi, ambalo watu huliona la makaratasi tu. Mei 2025 Msajili wa Vyama vya Siasa alisema kikao cha Baraza Kuu la Chadema kilichothibitisha baadhi ya viongozi hakikutimiza akidi, na chama kikapinga. Mgogoro wa namna hiyo huhitaji ushahidi: orodha ya wajumbe halali, saini za mahudhurio, muhtasari wa kikao. Katibu makini huhakiki kila mjumbe mlangoni kwa jina na kitambulisho, na msimamizi makini huwaonyesha wajumbe kwamba sanduku ni tupu kabla ya kura ya kwanza kuingia.

Kuhusu fedha niseme wazi: bahasha anayopewa mjumbe usiku wa kuamkia kura ni rushwa, hata ikiitwa nauli. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa.

Chama chako kikitangaza ratiba ya uchaguzi wa ndani, nenda kwa katibu wa tawi ukahakikishe mambo matatu: jina lako limo kwenye rejista, ada yako imelipwa, na tarehe ya mkutano wa tawi ni ipi.